Boma tulijenga sisi, fedha zimekwenda kata jirani: nani aliamua?

"Ndugu mtaalamu, mimi ni mama wa watoto wawili wanaosoma shule ya msingi ya Serikali, katika halmashauri ya mji. Shule ina watoto zaidi ya 1,000 na madarasa tisa tu. Mwaka 2022 wananchi wa mtaa wetu tulichanga tofali, mchanga na nguvu zetu, tukainua boma la madarasa mawili hadi usawa wa lenta. Diwani alikuja akasema Halmashauri itamalizia. Tangu hapo boma linanyeshewa. Mwaka huu Baraza la Madiwani limepitisha fedha za kumalizia maboma, lakini zimekwenda shule ya kata jirani, na boma lao lilianza baada ya letu. Sasa kamati ya shule imeitisha mkutano na kutangaza kila mzazi atoe shilingi 15,000 za kupaua. Mwalimu ametamka mbele yetu kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajatoa atarudishwa nyumbani. Wengine wanasema tumeonewa kisiasa. Je, uamuzi wa mkutano wetu wa 2022 wa kujenga ulikuwa bure? Kamati ina mamlaka ya kututoza? Niende kwa nani?"

Dada yangu, nianze na watoto, maana hilo halisubiri kikao. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango, ukafuatwa na Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulioeleza utekelezaji wake, msimamo huo umerudiwa mara nyingi, na Januari 2018 Rais Magufuli aliukemea hadharani mtindo wa kuwazuia watoto masomo kwa sababu ya michango. Wazazi wanaweza kuchangia kwa hiari yao. Hiari hiyo haigeuzwi kuwa adhabu ya mtoto. Wakirudishwa hata siku moja, usingoje mkutano wa wazazi. Nenda siku hiyo hiyo kwa Afisa Elimu wa Kata. Usiposikilizwa, panda hadi kwa Afisa Elimu wa Awali na Msingi pale halmashauri, ukiwa na tarehe, jina la darasa na maneno aliyoambiwa mtoto.

Sasa hiyo 15,000. Nimesikia mara nyingi hoja kwamba mkutano ukishapitisha, basi ni sheria. Si hivyo. Tozo ya lazima inahitaji sheria au sheria ndogo. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hata hizo haziwi na nguvu mpaka zipate idhini ya Waziri na kutangazwa. Kijiji nacho kina uwezo huo kwa utaratibu wake. Mtaa wa mjini hauna. Kamati ya shule haina. Kamati yenu kazi yake ni kusimamia mpango wa shule, fedha za ruzuku zinazoingia kwenye akaunti ya shule, majengo na mahudhurio, na kuwaeleza wazazi kinachoendelea. Inaweza kuwaomba mchange, na inaweza kuwashawishi kwa hoja nzuri kabisa, lakini haiwezi kuwatoza. Nasema hivi bila kuwadharau wajumbe wake. Wengi ni wazazi kama wewe, hawalipwi, na wanaangalia watoto zaidi ya 100 wakibanana kwenye chumba kilichokusudiwa kubeba 45. Wamekata tamaa, wakashika njia iliyokuwa karibu.

Swali lako kubwa, ninavyolielewa, ni lile la kwanza. Mlikutana, mkakubaliana, mkajenga, diwani akatamka. Halafu fedha zikapita mbele ya mlango wenu. Unataka kujua kama mlikuwa mnacheza.

Hamkucheza. Lakini kuna jambo ambalo watu wa ofisini tunalijua na hatuwaambii wananchi ipasavyo: uamuzi wa mkutano wa mtaa, au wa kamati ya shule, kwa upande wa fedha za halmashauri, ni ombi. Unabaki ombi mpaka upate kasma kwenye bajeti, yaani mstari wenye jina la shule yenu, jina la kazi na kiasi cha fedha. Kati ya mkutano wenu na mstari huo kuna vituo visivyopungua sita, na ombi linaweza kufia kwenye chochote kati yake bila mtu yeyote kulikataa waziwazi.

Nivipitie upesi. Mtaa unaibua vipaumbele. Vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Kata inavipanga kwa namba na kuvipeleka halmashauri. Huko wataalamu wanavikusanya na Timu ya Menejimenti chini ya Mkurugenzi inavichuja. Vinapita kamati za kudumu za madiwani, ile inayoshughulika na elimu na afya, kisha ya fedha. Ndipo vinafika Baraza kamili. Baada ya Baraza bado kuna ushauri wa wilaya na mkoa, na mwisho Bunge, linalokaa kwa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1.

Ukiutazama mnyororo huo, utaona kwamba Baraza la Madiwani lenye picha za televisheni na majoho liko karibu na mwisho. Mtu anayelisubiri Baraza ili apiganie boma amechelewa. Rasimu inapofika pale, jumla ya fedha imeshafungwa na ukomo wa bajeti uliotoka juu, na diwani akitaka kuingiza shule yake lazima aonyeshe shule gani itolewe. Hakuna diwani anayependa kusimama mbele ya mwenzake na kumwambia hivyo. Mahali ombi linapopata uzima au kufa ni kati ya Oktoba na Januari, kwenye kikao cha kata chenye watu ishirini na kwenye meza ya Afisa Mipango.

Nilikaa kwenye meza hiyo miaka kadhaa. Kata moja ilituletea muhtasari wenye vipaumbele kumi na vinne, vyote vimeandikwa "muhimu sana". Zahanati, kalvati, kisima, maboma ya shule tatu, vyote namba moja. Kata ya pili yake ilileta vitatu tu, vimepangwa, na nyuma yake kumeambatishwa idadi ya wanafunzi, picha za boma na makadirio ya fundi yaliyosainiwa na mhandisi. Tulikuwa na fedha za shule moja. Nadhani unaona ilikwenda wapi, na haikuwa kwa sababu ya chama cha mtu. Nilijisikia vibaya, kwa sababu watoto wa kata ya kwanza walikuwa wengi zaidi, ila karatasi iliyoletwa haikusema hivyo popote.

Kuhusu diwani wenu: hakuwa na fedha za kuahidi. Diwani ana kura moja na sauti. Hashiki akaunti, hasaini malipo, hamwajiri wala hamfukuzi Mkurugenzi. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, ndiye mtendaji mkuu na ndiye katibu wa vikao vya Baraza, kwa hiyo anajibu pande mbili kwa wakati mmoja. Mfumo huu una historia yake. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za 1982 zikajenga upya muundo tulio nao. Zilirudi zikiwa na baraza la kuchaguliwa, huku mkono wa Serikali Kuu ukibaki ndani ya ofisi. Walimu wenu wanalipwa na Serikali Kuu, ruzuku ya shule inatoka huko, na sehemu kubwa ya fedha za ujenzi wa madarasa inatoka huko pia, ikiwa na masharti yake. Mnakumbuka mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila moja. Madarasa 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari, na 3,000 ya vituo shikizi, yaani vituo vya kufundishia ambavyo havijasajiliwa kuwa shule. Baraza la mji wowote, liwe Korogwe, Babati au Makambako, lisingeweza kusema fedha hizo zihamie kwenye boma la shule ya msingi iliyokwisha kusajiliwa, hata madiwani wote wangekubaliana.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ni hili: fedha zilizokwenda kata jirani zilitoka fungu gani? Kama ni mapato ya ndani, yale ya ushuru, leseni na vibanda vya soko, basi madiwani wenu walikuwa na uhuru mkubwa na wanastahili kuulizwa kwa nini. Halmashauri zinatakiwa kutenga sehemu ya mapato hayo kwa miradi ya maendeleo, kulingana na uwezo wa kila moja. Kama ni fedha za Serikali Kuu au za programu, huenda orodha ilitoka ikiwa na vigezo ambavyo shule yenu haikuvifikisha, au taarifa zenu hazikuwa zimeingizwa kwenye mfumo. Majibu hayo mawili yanaelekea milango tofauti kabisa, na nimeona watu wakipoteza mwaka mzima wakigonga mlango usio wao.

Kuna sababu nyingine ambazo hazisemwi mkutanoni. Boma lililojengwa na fundi wa mtaani bila michoro na bila mhandisi kuangalia msingi, wahandisi wengi wanaogopa kulipokea, kwa kuwa wakiweka saini lawama ni yao. Eneo la shule ambalo halijapimwa nalo linawapa wasiwasi. Wakati mwingine jibu ni jepesi zaidi: mtendaji alihamishwa na muhtasari ukabaki kabatini. Na ndiyo, siasa ipo. Diwani mwenye usemi kwenye kamati ya fedha huvutia miradi kwake, na kata iliyogombana na wenzake huachwa. Siwezi kukuambia ukiwa mbali kwamba hamkuonewa. Ninachokuambia ni kwamba tuhuma ya kuonewa haina mahali pa kusimama kabla hujaona karatasi, na ukishaziona utajua ndani ya nusu saa.

Karatasi zenyewe ni nne. Muhtasari wa mkutano wenu wa 2022 ulioamua kujenga. Muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata wa msimu wa bajeti, unaoonyesha boma lenu lilipangwa namba ngapi, kama lilipangwa. Orodha ya maboma ya halmashauri iliyoko kwa Afisa Elimu au Afisa Mipango. Na ukurasa wa bajeti iliyopitishwa wenye fedha za shule jirani. Omba kwa barua, kwa upole, ukieleza wewe ni mzazi na mkazi wa mtaa fulani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea kwenye ile utakayorudi nayo. Mara nyingi muhuri huo peke yake hufanya kazi kuliko barua yenyewe.

Usiende peke yako. Nenda na mwenyekiti wa kamati ya shule, hata kama mmekwaruzana kwa hiyo 15,000. Mwambie mnaweza kubishana juu ya mchango na bado mkatafuta boma pamoja. Mwenyekiti wa Mtaa akikubali kuongozana nanyi, vizuri zaidi.

Kisha mkae na diwani. Wazazi wengi hapa huanza kwa kumshutumu kwa ahadi ya 2022, naye anajihami, na saa nzima inaisha. Mngemwuliza jambo moja linalopimika: je, boma letu limo kwenye taarifa ya kata anayoisoma Barazani kila robo mwaka? Katika halmashauri nyingi siku ya kwanza ya Baraza ni ya taarifa za kata, na ya pili ni ya taarifa za kamati. Jambo lisilomo kwenye taarifa ya kata robo baada ya robo, kwa Baraza ni kama halipo. Mwombe aliingize, na mwombe aulize swali kwa maandishi ili jibu la Mkurugenzi liingie kwenye kumbukumbu. Diwani wa viti maalumu naye ana kura pale, na kwa uzoefu wangu hoja za shule na vyoo vya watoto wa kike zimebebwa na akina mama hao mara nyingi kuliko na mtu mwingine. Mikutano ya Baraza kamili ni ya wazi. Nendeni watu watano, mkae nyuma kimya, msikilize. Huruhusiwi kuchangia, lakini diwani anayewaona wapiga kura wake wamekaa nyuma husoma ukurasa wa shule kwa sauti nyingine.

Sasa mnachoweza kukitarajia. Kubadilisha bajeti iliyokwisha pitishwa ni kugumu. Uhamisho wa fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine upo kisheria na unapita kwa madiwani, ila kuinyang'anya shule jirani fedha zake kutawapa uadui wa miaka mingi, nao watoto wao wanabanana vilevile. Nisingewashauri. Njia ya karibu zaidi ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Hauna fedha nyingi, lakini bati, mbao na saruji za kupaua ni aina hasa ya kazi unayoichangia, na unapendelea miradi ambayo wananchi wameshaanza. Ombi linapita kwa Mtendaji wa Kata likiwa na muhtasari. Njia ya uhakika zaidi, na ndiyo ya polepole, ni kuingia bajeti ijayo mkiwa namba moja ya kata, na kazi hiyo inaanza Oktoba, haianzi wakati Baraza linakaa.

Na mchango? Siupingi. Nimeona mitaa ikimaliza madarasa yake kwa hiari na watu wakajivunia. Ufuate utaratibu: ofisi ya Mkurugenzi itoe kibali, makadirio ya mhandisi yabandikwe ubaoni ili kila mtu ajue kama 15,000 ilitoka kichwani au kwenye hesabu, fedha zilipwe benki kwenye akaunti ya shule au kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, zisikusanywe na mwalimu darasani, na asiye nacho aweze kuleta siku mbili za kubeba maji badala ya noti. Mwalimu abaki kufundisha. Mkikusanya fedha mkononi bila stakabadhi, hata mkiwa waaminifu wote, mwakani mtakuwa mnashtakiana.

Kabla hata shilingi moja haijakusanywa, kuna jambo ninalokuomba sana. Boma hilo limekaa bila paa tangu 2022. Tofali za kuchoma zikinyeshewa misimu yote hiyo, udongo wa kuunganishia hulainika, lenta hupata nyufa, na nondo zilizoachwa nje huliwa na kutu. Kuta zinaweza kuonekana nzima na bado zisibebe uzito wa mbao na bati, wala upepo wa masika. Msipaue kabla Mhandisi wa Halmashauri hajafika na kuandika, narudia, kuandika, kwamba linafaa, au kwamba kozi kadhaa za juu zibomolewe kwanza. Ombeni ukaguzi huo wiki hii. Haugharimu kitu, na ripoti yake ndiyo kiambatisho kitakachowapa nguvu kwa mbunge, kwa kata na kwenye bajeti. Wakati mnasubiri, watoto wasichezee humo. Wekeni hata miiba mlangoni.

Yako mambo ambayo maandishi haya hayatoshi, na itabidi umtafute mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Ukigundua kwamba fedha za boma lenu zilishatoka miaka ya nyuma na hakuna kilichofanyika, au michango imekusanywa na haionekani, nenda ofisi ya TAKUKURU ya wilaya au piga 113, bila kuanza kumtaja mtu hadharani. Ukiambiwa eneo la shule lina mgogoro, au mtu ana hati juu yake, hiyo ni kazi ya wakili au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa. Halmashauri ina msajili msaidizi wa watoa msaada hao, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii. Na mzazi akitishwa kwa sababu ya kuuliza, asibaki nalo nyumbani: alipeleke kwa maandishi ofisi ya Mkuu wa Wilaya, nakala abaki nayo.

Ungeniuliza uanze na lipi kesho asubuhi, ningekwambia upite kwa Mtendaji wa Kata ukaombe kuuona muhtasari wa kikao cha mwisho cha bajeti. Tazama kama jina la shule yenu limo, na limeandikwa namba ngapi. Ukikuta halimo, mwulize kwa upole kikao kijacho ni lini, na barua ya kamati ya shule inatakiwa imfikie siku ngapi kabla.